Mwaka Tulipoandikiana Sifa

Mama yangu alipofariki, mvua za mwaka huu zikiwa bado hazijakatika, mwanamke mmoja mwenye mvi alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu ya matanga, akamlipa dereva, akavua viatu, akapita kati ya wanaume waliokaa kwenye viti vya plastiki, akaja moja kwa moja hadi kwenye mkeka wangu. Alijibana kando yangu mpaka nikasogea. Hakunipa pole. Alinitazama, akasema, "Ngoie, umezeeka mbaya." Nikacheka kwa sauti, msibani, na shangazi zangu wakanigeukia kana kwamba nimeshikwa na pepo. Kisha tukalia pamoja, yeye kwa sauti kubwa kuliko mimi, akimwita mama yangu "mama" kila mara. Jioni watoto wangu waliniuliza yule mgeni ni nani. Nikawajibu ni dada yangu. Wakasema, dada wa wapi, mbona hatujawahi kumwona? Nikawaambia anaitwa Mbombo, kwamba kwao ni hapa hapa, na kwamba mengine nitawaeleza msiba ukiisha. Sasa umeisha, na kueleza nimeshindwa kwa mdomo, maana kila nikianza naishia kwenye chakula. Basi nitaandika, na chakula kitakuwemo.

Mwaka ule mimi na Mbombo tulikuwa darasa la mwisho la sekondari ya wasichana, mtaa wa Dilala, mjini Kolwezi. Kampuni ya shaba iliyojenga nyumba zetu, iliyotupa unga na hata kutupakia chokaa ukutani, ilikuwa inazama, na watu wazima walilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini kama wanavyozungumzia ugonjwa wa jirani. Unga wa posho ulichelewa, ukapungua, ukakoma. Mama yangu akaanza kuchanganya unga wa mahindi na wa muhogo, na baba zetu wakajifunza kusifu bukari, ule ugali wetu, hata iliponata. Katika hali hiyo Masera Lutgarde, mtawa aliyekuwa mkuu wa shule, alituita ofisini. Alikuwa Mbelgiji aliyekaa Kolwezi muda mrefu hata Kiswahili chake kikawa cha kwetu kabisa. Ukifumba macho ungedhani anayesema ni mama wa sokoni. Ofisi yake ilinukia kahawa na nta ya sakafu. Alisema shirika lao lina chuo huko Ulaya, na chuo kimetoa nafasi moja kwa shule yetu, masomo na malazi bure. "Mi nachagua nyiye wawili. Kila moja aandike kurasa tatu: wee ni nani, umetoka wapi, umefanya nini, unataka kusoma nini. Nitatuma zote. Bale ba Ulaya njo batachagua moja." Tulitoka nje tukatembea hadi kwenye ukuta wa shule bila kutazamana. Kisha Mbombo akasema, "Kama ni wee, mi nitakuchukia siku mbili. Siku ya tatu utaniandikia." Nikamwambia mimi nitamchukia wiki nzima, na tukaenda zetu kwao kula.

Lazima niwaeleze jiko la kwao. Nyumba zetu zilipakana, na ukuta wa jiko la Mama Ntumba, mama yake Mbombo, ulikuwa ndio ukuta wa jiko letu, hivi kwamba mama yangu akianza kutwanga sombe, mboga ya majani ya muhogo, Mama Ntumba alijua kwa mlio wa mchi kama majani ni machanga au makomavu, na alimwambia. Wazazi wa Mbombo walikuwa watu wa Kasai, waliokuja Kolwezi vijana kwa ajili ya kazi. Wetu walitoka Malemba, kaskazini mwa Katanga. Tofauti hiyo ilikuwepo, ila ilikuwa ya kutaniana: baba yangu aliwaita walaji wa muhogo, nao walituita walaji wa samaki wenye miiba, na Jumapili tulikula vyote viwili. Jioni ile tuliketi kwenye ngazi ya jiko, mimi nikaanza kuandika, nikasoma kwa sauti nilivyokuwa nimefika: mimi ni mwanafunzi hodari, mwenye bidii, ninayependwa na walimu. Mama Ntumba aliacha kuchekecha unga.

"Ni nani aliandika ile?"

"Ni mi, mama."

"Juu ya nani?"

"Juu yangu."

Akaweka chekecheo chini. "Wee njo unajisifu? Bantu ya kukusifu bamekufa bote?"

Mjue kwamba Mama Ntumba hakuwa mtu wa kawaida katika jambo hilo. Harusini na msibani watu walimwita aje kutoa kasala, yale maneno ya Kiluba ya kumsifu mtu kwa majina ya wazee wake na kwa matendo yake, na nimewaona wanaume wazima, mafundi wa migodini, wakilia kama watoto akiwataja babu zao. Alituambia kwamba katika nyumba aliyolelewa yeye, mtu aliyejitangaza mwenyewe alihesabiwa mwendawazimu au mwizi. "Mutoto hajibebake ku mugongo," alisema. "Anabebwa. Ngoie, wee andika Mbombo. Mbombo, wee andika Ngoie. Na ule anasifiwa anyamaze, hana ruhusa ya kusahihisha." Wazo hilo lilituingia akilini mara moja, na hata leo sijui ni nani angeweza kutuonyesha kosa lake. Tulibadilishana karatasi palepale.

Ila Mama Ntumba hakuishia hapo. Nilipoandika "Mbombo ni msichana wa Dilala," aliniuliza toka lini mtu anaanzwa katikati. Akanitajia babu ya Mbombo, na baba ya yule babu, aliyevuka mto mmoja wakati wa njaa akiwa amembeba mama yake begani, na mwingine aliyeua chui kwa kifuniko cha chungu. Niliandika mpaka vidole vikauma. Mama yangu, aliyekuwa akisikia yote upande wa pili wa ukuta, hakukubali tuonekane tumetoka porini; alikuja na mwiko mkononi, akamketisha Mbombo na kumtajia wazee wetu wa Malemba, wavuvi waliojua majina ya mikondo yote ya ziwa. Akina mama wawili walishindana hivyo mpaka bukari ikaungua. Tata Mukendi, baba yake Mbombo, fundi umeme mwenye maneno machache, alikuwa kwenye kiti chake mlangoni akitengeneza pasi ya jirani. Alisikiliza kurasa zangu tatu zikisomwa, ambamo Mbombo alizaliwa kwenye mstari wa mwisho kabisa. "Ni bizuri," alisema. "Ile nafasi batamupa tata yangu. Shida ni moja tu, alishakufa."

Masera Lutgarde alizisoma mbele yetu. Mwanzoni alikunja uso, halafu mabega yakaanza kumtikisika, mwishowe akavua miwani akapangusa macho. "Naona babu, naona mto, naona chui. Mbombo iko wapi? Sijamuona." Tukamweleza kwa nini kila mmoja amemwandika mwenzake. Akasema hapana, huko Ulaya kila mtu hujiandika mwenyewe, na bila aibu. Tulijaribu. Wallahi tulijaribu, tukiwa tumeketi kila mmoja kwenye kona yake ya darasa, na nusu saa baadaye Mbombo alikuwa na mstari mmoja, nao ulisema kwamba yeye hajui mengi. Masera alizunguka meza, akatazama kurasa zetu tupu, akapiga kelele kidogo kwa Kiflamandi. Kisha akaamua: tumwandike mwenzetu, sawa, naye ataambatanisha maelezo kwamba hapa msichana hujulishwa na mtu mwingine. Lakini chui atoke. "Niambie bile yee anafanyaka. Bile umeona na macho yako."

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na ndiyo sehemu ya mwaka ule ninayoipenda kuliko zote. Kumtazama mtu unayemjua tangu utotoni kana kwamba kesho utaulizwa habari zake ni jambo la ajabu. Nilimtazama Mbombo akitengeneza redio za mtaa pamoja na baba yake, jinsi alivyoifungua redio na kuzipanga skrubu zake juu ya kitambaa kwa mfuatano wa kuifungua, na jinsi alivyomwambia mwenye redio mbovu kabisa kwamba imechoka tu, asije akaona haya. Nikaandika hayo. Nikaandika kwamba anataka kusoma umeme, na kwamba umeme ukikatika mtaani yeye ndiye wa kwanza kutoka nje kwenda kuuliza, huku sisi wengine tukitafuta mshumaa. Yeye aliandika juu yangu kwamba ninasema sana, lakini ninasikia zaidi ya ninavyosema, na kwamba bibi vizee wa mtaa huniita niwasomee barua zao kwa sababu sizipunguzi wala siziongezi. Sikujua kwamba aliona hayo. Kupendwa nilishapendwa na wengi, lakini kuonwa hivyo ilikuwa mara ya kwanza, na niliinama chini ya dawati nikijifanya natafuta kalamu.

Wakati huohuo maneno mengine yalianza kupita mtaani. Kwanza kwenye hotuba za wakubwa, kisha kwenye vilabu vya pombe, kisha kwenye nyimbo za vijana: kwamba shaba imekwisha kwa sababu ya watu wa Kasai, kwamba kazi zetu wameshika wao, kwamba warudi kwao. Nilisikia mama yangu na Mama Ntumba wakizungumza kupitia ukuta wa jiko, sauti zao zimekuwa ndogo. "Batasema halafu batachoka," mama yangu alisema. Mama Ntumba akajibu, "Mama Ngoie, mi sijaona muntu anachoka juu ya kusema bure." Tata Mukendi alifika kazini asubuhi moja akakuta kikundi langoni, wakamrudisha. Halafu vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu wa Kasai, na kwa kuwa wengi wao hawakuwa wa mtaa wetu, waliongozana na Tata Mwepu, mkuu wa mtaa, mtu mpole aliyekuwa akituamulia ugomvi wa bomba la maji. Yeye alitembea mbele na kunyoosha kidole. Huyu, ndiyo. Huyu, hapana. Nilikuwa mlangoni alipofika. Kidole chake kilipita mlango wetu, kikasimama kwenye wa kwao.

Mbombo na wazazi wake walihamia stesheni pamoja na mamia ya wengine kungoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo Mbombo hakuwahi kuiona hata kwenye picha. Walilala chini ya turubai kando ya reli, vitanda vimesimamishwa kuwa kuta. Kila mchana mama yangu alipika vyungu viwili, nami nikapeleka kimoja, nikipita katikati ya moshi wa mbabula, yale majiko ya makaa, na watoto wanaokohoa. Barua yangu juu ya Mbombo ilikuwa bado haijaisha; lilibaki swali moja tu, umetoka wapi, na Masera alitaka kutuma zote kabla ya juma kuisha. Mimi nilishaandika: Mbombo ametoka Kolwezi. Nilimsomea pale chini ya turubai.

"Futa," alisema.

"Sifuti."

"Ngoie, angalia mahali tuko. Angalia! Banasema mi si wa hapa, na wee unaandika mi ni wa hapa. Batanicheka. Futa ile."

Nilimtazama Tata Mukendi, naye akatazama reli. Mama Ntumba alikuwa amelala kwa homa, khanga imemfunika uso. Akaitoa. "Anayesifiwa ananyamaza," alisema. "Nilishabaambia. Ngoie, iache vile iko." Mbombo aligeuza uso, na mimi sikufuta. Treni ilikuja siku chache baadaye, ya mabehewa ya mizigo, na sikuwahi kumuaga vizuri kwa sababu alikuwa anashughulika kumwinua mama yake.

Jibu lilikuja wakati wa baridi ya miezi isiyo na mvua. Masera alinisomea kwa upole, na nitasema kama ilivyokuwa: nililia kwa wivu. Nafasi ilikuwa ya Mbombo. Mimi nilikuwa wa pili, na kama yeye hangejitokeza na karatasi zake kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata, basi ningekwenda mimi. Tena karatasi iliyokosekana ilikuwa cheti cha kuzaliwa, kinachotolewa mahali mtu alipozaliwa, naye awepo mwenyewe, na mkuu wa mtaa athibitishe. Yaani mji uliomfukuza ndio uliotakiwa kumtolea ushahidi, na kwa mkono wa Tata Mwepu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama, na moyoni, sitaficha, nilikuwa nikiona sanduku langu limefungwa. Mama alisikiliza akiwa anachambua maharage. "Tutamuita," alisema. Nikamwambia hatujui waliko. "Treni inajua." Nikamwambia labda hatataka kurudi. Hapo alinitazama. "Wee njo uliandika yee ni wa hapa. Ao ulikuwa unabongopa?"

Mume wa jirani mmoja alikuwa fundi wa treni, anayekwenda Kasai na kurudi. Mama alimpa ujumbe, na kwa siku nyingi hatukusikia chochote. Nilijikuta nikitamani mambo mawili yasiyoweza kukaa chungu kimoja. Kisha mchana mmoja, nikiwa nafagia, msichana aliyekonda, amefunga kitambaa mpaka nyusi, alisimama mlangoni akaniomba maji. Nilimwangusha kwa kumkumbatia. Sanduku langu, ninalowaambia, lilifunguka palepale likabaki tupu, na sikulionea huruma. Tata Mukendi alikuwa amefariki njiani, katika behewa. Mama Ntumba alikuwa amepona, na ndiye aliyemsukuma arudi.

Mama yangu alitangaza kwa majirani kwamba amepata mgeni, mtoto wa dada yake, kutoka Malemba. Watu hawa walikuwa wamemwona Mbombo akitambaa. Walikuja mmoja mmoja, wakamtazama, wakasema, karibu, mutoto wa Malemba, samaki huko beko sawa? Mmoja alileta mayai. Mwingine alimwambia anafanana sana na binti mmoja aliyekuwa akitengeneza redio hapa, kisha akatoka haraka. Siku ya pili mama yangu alikwenda mwenyewe kumwita Tata Mwepu, mchana kweupe, akamketisha mezani na kuweka bukari na mboga katika sahani moja, kwa ajili yake na Mbombo. Nilielewa baadaye: alitaka mkono wake uingie sahani moja na mkono wa mtoto yule kabla hajaambiwa neno. Tata Mwepu alinawa. Alikula matonge machache akiwa ameinamisha kichwa. Ndipo mama alipomwekea mbele yake karatasi ya cheti tuliyopewa na Masera.

"Jina nitaandika," alisema Tata Mwepu. "Mahali alizaliwa?"

"Malemba," mama yangu alijibu haraka, maana aliogopa.

Tata Mwepu aliweka kalamu chini. "Mama Ngoie, acha. Ile siku mvua ilinyesha mpaka gari ya kupeleka bamama ku maternité kuzala ilishindwa kufika. Mi njo nilimubeba mama yake ku kinga, basikili yangu. Alinishika shati mpaka ikapasuka mu mugongo." Akaandika Kolwezi, akaandika jina lake kama shahidi, akapiga muhuri aliokuja nao mfukoni; inaonekana alishajua anaitiwa nini.

Mbombo aliacha kula. "Tata Mwepu," alimwambia, "kama ulijua, juu ya nini ulionyesha mulango yetu?"

Mzee yule alirudisha muhuri mfukoni. "Niliogopa, mutoto."

"Siye pia tuliogopa," Mbombo alisema. "Lakini hatukuonyesha mulango ya muntu." Akaivuta karatasi upande wake, polepole ili wino usipakaze. Mama yangu hakumfukuza mzee wala hakumfariji. Aliongeza mboga kwenye sahani, na wote wawili wakamaliza kula, kwa sababu katika nyumba yake chakula hakikuachwa.

Kesho yake Masera alikuja na kamyoneti yake kumchukua hadi Lubumbashi, na kutoka huko avuke mpaka. Alitusihi tuagane ndani ya nyumba, kimya, watu wasijae. Lakini mtaa mzima ulikuwa nje, kila mtu akijifanya anafagia au anaanika nguo. Mbombo alipanda, na mwanamke mmoja, katika kuendeleza ule uongo wetu wa huruma, akamwita kwa sauti, "Mutoto wa Malemba, njo unarudia kwenu sasa?" Mbombo akafungua kitambaa kichwani. Akasimama kwenye ngazi ya gari, nywele wazi, mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona. "Mi ni Mbombo, mutoto ya Ntumba na Mukendi," alisema, "na kwetu ni hapa." Masera, ambaye maisha yake yote aliendesha gari kama anayebeba mayai, aliliondoa siku ile kwa vumbi, na mimi nikalikimbilia hadi mwisho wa barabara nikimpigia Mbombo kelele kwamba nimemchukia, nimemchukia, na kwamba aniandikie siku ya tatu.